Jina Kwenye Kadi ya Soja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Mideva alikuwa na kazi tatu. Aliteka maji kwenye mfereji wa ploti kabla foleni haijawa ndefu, akamnawisha uso mdogo wake Isaac, kisha akafagia mbele ya chumba chao. Kazi ya nne hakutumwa na mtu. Alichukua kipande cha ugali kilicholala, akakimegamega kwenye kifuniko cha sufuria kuukuu kilichowekwa karibu na lango, halafu akapiga mluzi. Hapo Soja alitokea mbio nyuma ya vyoo, mkia ukipiga huku na huku, akala kana kwamba hajaona chakula tangu jana. Na mara nyingi ilikuwa kweli.

Soja alikuwa mbwa wa kahawia mwenye sikio moja jeupe. Ploti yenyewe ilikuwa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta: vyumba kumi vya mabati vilivyotazamana, ua katikati, mfereji mmoja, kamba za kuanikia nguo, na lango moja lililofungwa kwa waya. Msimamizi wake alikuwa Mzee Musyoka wa chumba namba moja. Yeye ndiye aliyetunza sheria za mwenye ploti, na sheria iliyopendwa zaidi na Mzee Musyoka ilikuwa hii: mpangaji haruhusiwi kufuga mnyama yeyote, hata kuku.

Basi Soja aliingiaje? Miaka miwili nyuma, Mideva akiwa darasa la nne, alimwokota mbwa huyo akiwa mdogo, ametupwa kwenye katoni ya sabuni huko Riruta. Akaja naye nyumbani akilia na kukataa kumwachilia. Baba yake, Shivachi, fundi wa mawe aliyejulikana kwa ujanja wake, alikuna kichwa kidogo, kisha akamwendea msimamizi. "Mzee Musyoka," alisema, "huyu si wangu. Huyu ni wa ploti. Atatulindia nguo." Mzee Musyoka, ambaye wiki ile ile suruali yake mpya ilikuwa imetoweka kwenye kamba, hakubisha. Mbwa akapewa jina la Soja, kama vile watu wa Nairobi wanavyomwita kila mlinzi wa lango, na tangu siku hiyo akawa wa milango yote kumi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa hakuna aliyeliona hilo.

Maana ukimwambia mtu kwamba kitu ni cha wote, kila mmoja hukimbilia sehemu tamu. Nguo zilipoacha kuibwa, Soja alikuwa "mbwa wetu". Mama Ken, aliyeuza omena nje ya lango, aliwasimulia wateja jinsi "mbwa wetu" alivyomkimbiza mtu hadi barabarani. Lakini nani alimwekea maji? Nani alijua alilala wapi mvua iliponyesha? Kila nyumba ilidhani nyumba nyingine imempa chakula. Siku ya Krismasi alipewa mifupa na milango saba kwa mpigo, akatapika hadi macho yakamtoka, na siku nyingine akashinda njaa mbele ya watu thelathini na watano.

Mwaka huo wa 1996, muhula wa tatu ulipoanza, Soja alianza kujikuna. Alijikuna masikio, akajikuna mbavu, akajisugua ukutani hadi mabati yakalia. Manyoya yakamtoka viwikoni na tumboni, ngozi ikawa nene na ya majivu, na harufu yake ikamtangulia. Wiki tatu nzima kila mtu kwenye ploti alimwona.

Kisha Isaac akaanza kuwashwa mikono na tumbo. Siku ya pili yake Adhis, binti mdogo wa Mama Ken, akaanza pia. Jumatatu jioni watu wakiwa wamejaa kwenye mfereji, Mama Ken akaweka ndoo chini na kuinua sauti.

"Ai yawa! Mideva, huyo mbwa wenu ametuletea upele. Ona mtoto wangu!"

Mideva alihisi masikio yanapata moto. "Wenu?" aliuliza. "Mama Ken, si jana tu ulimwambia yule mteja kuwa ni mbwa wetu?"

"Nilisema hivyo kwa sababu ya wezi. Sasa naongea juu ya upele."

"Kwa hivyo akifukuza wezi ni wetu, na akiugua ni wangu?"

"Mideva!" mama yake, Immaculate, alimkemea. "Hivyo ndivyo unavyoongea na mtu mzima?"

Mzee Musyoka alikuwa amesimama mlangoni pake akisikiliza yote. Akasogea, akamtazama Soja aliyejikunja kando ya vyoo, akakunja uso.

"Nasema mara moja tu," alisema. "Ijumaa jioni huyu mbwa awe hayupo hapa. Nikimpata bado yupo, nitamwekea nyama yenye dawa ya panya, na maneno yaishe."

Mideva aliwatazama watu. Alingoja mmoja, mmoja tu, aseme kwamba hilo si haki. Mama Ken aliinua ndoo yake. Kijana wa namba nane akajitia hamnazo, akaendelea kusuuza viatu. Baba yake Mideva aliangalia chini, akawa anabandua saruji iliyokaukia kwenye suruali yake ya kazi.

Walipoingia ndani hakungoja kuulizwa. "Baba, mbona ulinyamaza?"

"Ungetaka niseme nini?"

"Useme Soja ni wetu!"

Shivachi alivuta pumzi ndefu. "Mideva, nikisema ni wetu nimevunja sheria ya ploti. Musyoka atatuambia tubebe vitu vyetu. Unajua tulitafuta chumba hiki miezi mingapi?"

"Basi afe?"

Baba akainama kufungua kamba za viatu vyake. Mama naye akageuka kuwasha stovu.

Kesho yake, baada ya masomo, Mideva hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia gereji ya Nicanor, kijana aliyeishi chumba namba sita na kutengeneza magari chini ya turubai kando ya barabara. Watoto wa ploti walimwita Fundi, na walimpenda kwa sababu hakuwafukuza wakija kutazama injini.

"Niaje Mideva? Mbona umenuna hivyo?"

Mideva akamweleza. Nicanor akacheka.

"Upele tu? Hiyo ni kitu kidogo sana. Dawa yake ni oili chafu." Aliinama kwenye pipa alimomwaga mafuta yaliyokwisha kutumika kwenye magari, akajaza kopo la zamani la mafuta ya kupikia. Mafuta yenyewe yalikuwa meusi na mazito. "Mpake mwili mzima, usiache hata nafasi ya kidole. Siku tatu utaona manyoya yanarudi. Huko ushago, kijijini kwetu, kila mtu anafanya hivyo."

"Kweli, Fundi?"

"Mimi nikudanganye kwa nini?"

Na kwa kweli hakumdanganya. Ndivyo alivyoona baba yake akifanya, na ndivyo wengi wanavyofanya hadi leo, mbwa wakaugua na wengine kufa, na watu wakasema ulikuwa upele. Mideva alirudi amelishika kopo kwa mikono miwili kama aliyebeba dawa ya hospitali. Alitafuta burashi kuukuu, akamfunga Soja kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akampaka kuanzia masikio hadi ncha ya mkia. Mbwa alitetemeka na kumtazama kwa jicho la kuuliza, lakini hakumng'ata wala hakunguruma.

"Vumilia kidogo," Mideva alimbembeleza. "Ijumaa Mzee Musyoka akija, atakukuta umepona."

Usiku huo alilala na moyo mweupe. Akawa na hakika kwamba katika ploti nzima, ni yeye peke yake anayempenda Soja.

Asubuhi ya Jumatano alipiga mluzi, Soja hakuja. Akapiga tena. Alimkuta nyuma ya vyoo, amelala ubavu, mate meusi yakimtoka mdomoni. Alikuwa amejilamba usiku kucha. Palipokuwa na upele ngozi ilikuwa imebabuka na kuwa nyekundu, miguu ilimtetemeka, na mbele yake palikuwa na matapishi.

"Cheki, Soja amekuwa makaa!" mtoto mmoja alipiga kelele, na wenzake wakacheka.

"Mnacheka nini?" Mideva aliwafokea. "Nyinyi mna roho gani?"

Alitaka kubaki, lakini mama yake alimwambia kwamba mtihani wa hesabu hauna habari na mbwa. Akamwachia Soja maji kwenye bakuli na kwenda. Siku hiyo alikosa hata hesabu za kujumlisha. Saa kumi alirudi mbio, akakuta maji yako vile vile, yana nzi wawili juu. Tangu asubuhi watu walikuwa wamepita hapo kwenda chooni na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyeinama.

Mori ukampanda. Alikimbia hadi gereji, akasimama mbele ya Nicanor akihema.

"Fundi, Soja anakufa! Ni oili yako!"

Nicanor alitoka chini ya gari. "Labda ulimpaka kidogo. Mwongeze..."

"Nimwongeze?" Mideva alipaza sauti hadi wateja wakageuka. "Wewe kila jioni unasugua mikono yako kwa sabuni ya unga na mchanga ili oili itoke. Hukubali kulala nayo hata kwenye vidole! Sasa Soja alale nayo mwili mzima kwa nini? Yeye hana ngozi?"

Nicanor aliangalia mikono yake. Kisha akachukua kitambaa, akajifuta, akavuta wilbaro aliyobebea vyuma.

"Kuna daktari wa mifugo karibu na soko, kwenye lile duka la dawa za ng'ombe," alisema kwa sauti ya chini. "Twende tumchukue."

Daktari alikuwa mwanamke aliyeitwa Muthoni, mfupi, mwenye buti za mpira na koti lililokuwa jeupe siku nyingi zilizopita. Wafugaji wote wa Dagoretti walimjua, yeye na baiskeli yake. Aliinua gunia lililomfunika Soja, akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Nani amempaka huyu mnyama mafuta ya gari?"

Nicanor alitazama nje ya mlango.

"Nauliza tena. Nani? Kila mwezi naletewa wawili au watatu. Mafuta haya yana sumu ya vyuma na moshi wa injini. Yanapenya kwenye ngozi, na mbwa akijilamba yanaingia tumboni hadi kwenye ini. Halafu mnaniambia ni upele umemuua!" Alikuwa akisema huku anafanya kazi, akipima joto, akifungua macho ya Soja, akivuta chupa ya maji ya dripu na kumpenyezea chini ya ngozi. "Wewe msichana, nawa mikono uje hapa. Lete yale mafuta ya kupikia pale mezani."

"Mafuta tena?" Mideva alishangaa.

"Haya ni ya kulainisha yale meusi yaachie ngozi. Baadaye sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu. Fanya polepole, na usimguse palipobabuka kwa nguvu."

Mideva alisugua, akasuuza, akasugua tena. Maji ya kwanza yalitoka kama lami. Na huku akisugua, hasira zilizojaa kifuani tangu Jumatatu zikaanza kumwagika. Alimweleza daktari kuhusu Mama Ken, ambaye mbwa kwake ni "wetu" asubuhi na "wenu" jioni. Akamweleza kuhusu Mzee Musyoka na dawa yake ya panya, kuhusu watoto waliocheka, kuhusu watu waliompita Soja kutwa kama takataka. Hakumsahau Fundi, aliyekuwa amesimama pale pale. Daktari Muthoni alisikiliza bila kumkatiza. Maji yalipoanza kutoka meupe, alimfunika Soja kwa taulo kuukuu, akachukua kadi ya manjano na kalamu.

"Jina la mbwa?"

"Soja."

"Jina la mwenye mbwa?"

"Ni wa ploti," Mideva alijibu.

Kalamu ilisimama. "Wa nani?"

"Wa ploti, Daktari. Ni wa watu wote."

"Mimi sijawahi kuona ploti ikiingia hapa kwa miguu yake," alisema Daktari Muthoni. "Hiyo ploti itaamka kumpa dawa saa kumi na mbili asubuhi? Akimng'ata mtoto wa watu, nimwite nani, mabati? Haya, niambie, jana alikula nini?"

"Sijui."

"Amewahi kuchanjwa, angalau ile chanjo ya kichaa cha mbwa?"

"Hapana. Sijui. Nadhani hapana."

"Upele ulianza lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Na wewe uliuona?"

Mideva aliinamisha kichwa. "Niliuona."

"Ukamwambia nani?"

Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa ameuona kila asubuhi alipomega ugali, akafikiri kwamba mtu mwingine, mtu mzima, bila shaka atafanya jambo. Akakumbuka likizo ya Desemba walipokwenda Vihiga wiki nne nzima. Soja alikula nini wiki hizo nne? Hakuwa amejiuliza hata mara moja. Alikuwa amewakasirikia watu wa ploti siku tatu mfululizo, usiku na mchana, na sasa, alipoulizwa swali moja tu, neno lililomtoka lilikuwa lile lile lao. Aibu ilimshuka hadi kwenye nyayo.

Lakini aliogopa pia. Akiandikwa yeye, ina maana wao wamefuga mnyama. Mzee Musyoka angewafukuza, na kosa lingekuwa lake. Alimtazama Soja. Mbwa alikuwa amelaza kidevu chake juu ya mkono wa Mideva uliojaa mafuta meusi, mkono ule ule uliompaka.

"Ni wangu," alisema. "Andika Mideva."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Daktari akaandika. Kisha akaonyesha mstari wa chini uliobaki mtupu. "Hapa panataka mtu mzima. Peleka nyumbani. Soja atalala hapa leo, na kesho ukija kumchukua, mstari huu uwe na jina."

Nicanor akakohoa. "Dawa za leo nitalipa mimi, Daktari. Oili ilikuwa yangu." Halafu akaongeza, bila kumtazama mtu, "Sikujua. Lakini nilisema kama ninayejua."

Kabla hawajaondoka, Daktari Muthoni alieleza kwamba upele ule huletwa na wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi, wasioonekana kwa macho. Wanaweza kumwasha mtu anayemshikashika mbwa, ingawa hawadumu kwake. Matandiko yafuliwe na kuanikwa juani, Isaac na Adhis wapelekwe kliniki, na Soja apigwe sindano mbili, zikipishana kwa wiki mbili. Basi! Jambo la sindano mbili lilikuwa limetaka kumuua mbwa.

Usiku ule Mideva aliweka kadi mezani mbele ya baba yake, akamweleza yote, hata kuhusu oili na wiki zile nne za Vihiga. Shivachi aliisoma kadi, akaigeuza, akaisoma tena. Mideva aliona midomo ya baba yake ikitamka jina "Mideva".

"Siku ile nilipomwambia Musyoka kwamba mbwa ni wa ploti," baba alisema mwishowe, "nilijiona mjanja. Nilitaka uwe na mbwa, na mimi nisiwe na jukumu. Ujanja gani huo? Nimemfundisha mtoto wangu kupenda kitu na kukikana." Alisikika kama mtu aliyejikasirikia mwenyewe. Akatoa penseli yake nene ya kupimia mawe, akaandika jina lake kwenye mstari wa chini, akaikandamiza hadi ikaacha alama upande wa pili.

Ijumaa jioni, ua ulikuwa umejaa watu kama kawaida ya siku hiyo. Soja alikuwa amefungwa kamba mbele ya mlango wa kina Mideva, juu ya gunia safi. Alikuwa amekonda na mwenye mabaka, lakini macho yalikuwa wazi na bakuli lake la maji lilikuwa nusu. Mzee Musyoka alitoka chumbani kwake ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Nilisema nini Jumatatu?" aliuliza. "Huyu mbwa ni wa nani hasa, nimwambie amtoe?"

Wiki nzima swali hilo lilikuwa limekosa jibu. Shivachi akasimama na kuinua kadi. "Ni wetu."

"Kumbe! Basi umevunja sheria."

"Nimeivunja miaka miwili, Mzee. Na wewe ulijua, kwa sababu ulikuwa ukilala usingizi yeye akikulindia. Kama ni kutuhamisha, mwite mwenye ploti nimweleze mwenyewe. Lakini mbwa anatibiwa, na hutamtilia sumu."

"Sheria ni sheria," alisema Mzee Musyoka, akaanza kufungua gazeti. Ndani yake mlikuwa na vipande vya nyama.

Isaac, aliyekuwa amekaa chini akichezea vizibo vya soda, aliinua pua aliponusa nyama. Mideva alimwona. Akaruka, akamvuta mdogo wake nyuma.

"Mzee Musyoka, tafadhali nisikilize. Watoto wa ploti hii wanaokota kila kitu. Hiyo nyama ukiiweka hapa, mtoto akaila, utauliza yeye ni wa nani? Utasema naye alikuwa wa ploti?"

Mzee Musyoka alimtazama Isaac, kisha Adhis aliyekuwa nyuma ya Isaac, kidole mdomoni. Mama Ken aliacha omena zake, akaja akamnyanyua binti yake.

"Iondoe, Musyoka," alisema. "Iondoe sasa hivi. Na mimi pia nilikosea. Huyu mbwa amenilindia biashara miaka miwili na sijampa hata kichwa cha omena."

"Mimi ndiye niliyempa msichana oili," Nicanor alidakia kutoka namba sita. "Kama ni kumlaumu mtu, anza na mimi."

Mzee Musyoka alilikunja gazeti polepole. Hakusema pole, maana hakuwa mtu wa maneno hayo. Alikwenda hadi chooni, akalitumbukiza kwenye shimo, akarudi akinawa mikono kwenye mfereji kwa muda mrefu. "Nitamwambia mwenye ploti," alisema, "na nitamwambia vile ilivyo."

Mwenye ploti alikuja Jumapili iliyofuata. Alimwangalia Soja, akaisoma kadi, akauliza swali moja tu. "Huyu akiuma mtu, namwita nani?"

"Mimi," alisema Shivachi.

"Na mimi," alisema Mideva.

"Basi akae. Mchana awe kwenye kamba, usiku aachiliwe, na uchafu wake usionekane hapa uani. Sheria ile niliiweka kwa sababu sitaki mnyama asiye na mwenyewe."

Siku ya sindano ya pili, Daktari Muthoni alikuja mwenyewe kwa baiskeli. Manyoya mapya, laini, yalikuwa yameanza kufunika mbavu za Soja, na Isaac alikuwa ameacha kujikuna. Daktari akampiga sindano ya upele, akampa dawa ya minyoo, na kwa kuwa sasa alikuwa na nguvu, akamchanja pia dhidi ya kichaa cha mbwa na kuandika tarehe kwenye kadi. Watu wa ploti walikuwa wamemzunguka, hata wale ambao hapo awali walipita wakiziba pua.

"Mideva aliniambia siku ile kwamba anampenda huyu mbwa," alisema daktari akifunga mkoba wake, "na nilimwamini. Lakini mapenzi yake hayakuona upele wala hayakuuliza chanjo, na yakakaribia kumuua kwa kopo la oili. Mnyama hawezi kuja kugonga mlango akasema anaumwa. Ukikubali kuwa mwenyewe, umekubali kuwa macho yake. Akiacha kula, wewe ndiye wa kwanza kujua. Akijikuna, unamtafuta mtu aliyesomea kazi hiyo, humfuati yeyote mwenye kopo. Majirani wakisaidia ni vizuri sana, na hapa naona mmeanza. Hata hivyo, lazima awepo mmoja ambaye nikimuuliza 'amekula nini jana', hatazami wenzake."

"Jana alikula ugali na maini," Mideva alisema papo hapo, "na leo asubuhi uji mzito. Maji nimebadilisha mara mbili."

Daktari akacheka, akapanda baiskeli yake akaenda. Nicanor naye alirudi gereji, ambako siku hizo mtu akija na kopo kuomba oili ya mbwa, aliambiwa oili ni ya gari, na daktari yuko karibu na soko.

Jioni hiyo Mideva alikuwa akitoka langoni na Soja kwenye kamba, alipomsikia Mama Ken akimwambia mteja, "Huyo unayemwona ni mbwa wetu, kali kabisa..." Mama Ken akamwona Mideva. Akasita.

"Ni wa Mideva," akajirekebisha. "Jina lake liko kwenye kadi." Kisha akachota omena kiganja kizima, akaziweka pembeni kwenye karatasi. "Lakini hizi za leo ninampa mimi. Mideva, anaruhusiwa?"

Mideva aliinama, akaangalia kama zina chumvi nyingi, kisha akakubali kwa kichwa.